Re: Kuwatoa wafanyakazi nje saa za kazi kunasaidia kweli?

Ndugu, umeuliza kama kuwaruhusu wafanyakazi watoke nje katikati ya kazi kunapunguza msongo au ni kupoteza muda. Kunasaidia, na wala muda hauhitaji kuwa mrefu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipima kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate ya watu waliotoka kukaa au kutembea penye mimea. Ilishuka kwa kasi zaidi kati ya dakika 20 na 30. Ila waliombwa waache simu na intaneti, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea: mtu yuko chini ya mti, lakini bado anajibu ujumbe wa bosi!

Bustani ikiwa mbali, dirisha linalotazama miti nalo si haba. Mtafiti Roger Ulrich alionyesha mwaka 1984 kuwa wagonjwa wa upasuaji waliolazwa penye dirisha kama hilo waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Nakuomba sana, muda huo usiukate kwenye mapumziko yao ya chakula. Na utangulie wewe kutoka. Wasipokuona nje, hakuna atakayethubutu.