Jibu: Mambo ya nje yanayoweza kuikwamisha kampuni ya sato wa vizimba

Mkuu, umeuliza ni mambo gani ya nje ya kuangalia kabla ya kuweka vizimba vya nyavu vya kufugia sato Ziwa Victoria. Anza na chakula cha samaki, kwa sababu mara nyingi hula zaidi ya nusu ya gharama zote. Soya na dagaa wa kutengenezea chakula hicho wakipanda bei, au shilingi ikishuka huku unatumia chakula cha kuagiza, faida inayeyuka hata kama samaki wanakua vizuri. Piga hesabu yako kwa bei ya chakula iliyoongezwa 20% uone kama bado inasimama.

Pili, ziwa lenyewe. Upepo mkali huweza kupandisha maji ya chini yasiyo na hewa, na samaki wa kizimba kizima wakafa usiku mmoja. Pima oksijeni alfajiri. Ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, acha kulisha. Epuka ghuba zenye magugu maji na maji yaliyotuama.

Vibali vya mazingira (kutoka NEMC, taasisi ya taifa ya mazingira Tanzania) na vya matumizi ya maji vishughulikie kabla ya kununua nyavu. Soko nalo: sato wa kugandishwa kutoka China ndiye atakayekupangia bei, hasa ukilenga Kenya.