Kufunga kibanda cha kulala kwenye pikapu
Ndugu, umeuliza kama kamba na ndoano za bodi zitatosha kukishika kibanda chako cha kulala kutoka Mbeya hadi Morogoro kupitia mteremko mkali wa Kitonga. Kwa maoni yangu hazitoshi, kwa sababu bati la bodi ni jembamba na hupasuka, ilhali breki ya ghafla mteremkoni hukisukuma kibanda kizima kuelekea kwenye kabini ya dereva. Mwombe fundi afunge vishikio vinne kwa bolti kwenye chesisi yenyewe (fremu ya chuma iliyo chini ya gari), kisha tandika mpira mzito chini ili kisiteleze. Uzito, pamoja na maji (ambayo wengi huyasahau), uegemee mbele kidogo ya ekseli (mhimili wa magurudumu) ya nyuma. Minyororo ya kukifunga kibanda kwenye vishikio hivyo isikazwe kupita kiasi, maana huvunja fremu ya kibanda. Ikague njiani ukifika Uyole, kisha tena Igawa.