Re: Shamba la tumbaku eka mbili tu, mbona pori lote Urambo linaisha?

Mkuu tatizo sio shamba peke yake, tatizo ni bani, yaani banda la kukaushia tumbaku. Tumbaku yetu huku Tabora nyingi ni ya mvuke, majani yanakaushwa kwa moto siku kadhaa usiku na mchana, sasa hizo kuni zinatoka wapi kama sio kwenye misitu ya miombo? Halafu ardhi yenyewe kichanga, ukilima misimu miwili mitatu imechoka na minyoo fundo inayoshambulia mizizi imeingia, mtu anahamia pori jipya anafyeka tena. Na nyuki wanategemea maua ya miti hiyo hiyo ya pori, mitundu na miyombo, afu watu wanashangaa asali inapungua. Mabani sanifu, yaani yaliyoboreshwa, yanakula kuni kidogo, ila ukataji haujaisha hapo.