Dele la 1850 lenye skrubu ya nyota

SWALI: Nimenunua dele la kahawa la shaba kwa shilingi 180,000. Muuzaji ameapa ni la 1850, enzi za Seyyid Said. Limejaa kutu ya kijani, na mkono wake umefungwa kwa skrubu ya nyota. Nitajuaje umri wake? (Msomaji, Magomeni)

JIBU: Skrubu hiyo ilipata hataza (haki ya mvumbuzi) Marekani katika miaka ya 1930, kwa hiyo mkono si wa Seyyid Said. Ila mikono hukatika ikabadilishwa, basi usilihukumu dele zima. Fungua skrubu uangalie tundu. Pakiwa na kovu la ribiti ya zamani, au kivuli cha mkono mwingine mpana zaidi, mwili umeutangulia mkono. Tundu safi la drili lisilo na alama yoyote pembeni ni dalili mbaya.

Sasa mulika ndani kwa tochi ya simu. Dele la kufuliwa kwa nyundo lina mshono ubavuni, mara nyingi wa meno kama zipu, na rangi hubadilika kidogo pale lehemu ilipopita. Ukiona miduara myembamba iliyopangana kama mistari ya santuri, hiyo ni kazi ya mashine. Sumaku ikinata, ni chuma kilichochovywa shaba tu.

Kijani kisikubabaishe. Chumvi na siki hukileta kwa siku chache, na hewa yetu ya bahari husaidia. Sugua kitako kwa pamba yenye asetoni ya kutolea rangi ya kucha. Kijani kikihamia kwenye pamba, kilipakwa. Tazama pia kilipokaa: dele lililotumika huwa limelainika mkononi na kwenye mdomo. Kijani kikitanda sawasawa hadi mkononi, hakuna aliyelimiminia kahawa. Na ndimu iweke mbali, itafuta ushahidi wote.

Muuzaji aking'ang'ania 1850, mkumbushe Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964: kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 hakitoki nchini bila leseni. Huenda dele likapungua umri hapo hapo.

SWALI: Na rupia ya Mjerumani ya 1890, nitajuaje kama ni halisi? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Ipeleke kwa sonara ikapimwe: gramu 11.66, upana milimita 30. Chunguza ukingo, mstari unaozunguka katikati ni wa kalibu, maana yake imemiminwa, haikugongwa. Ukiuziwa heller, sarafu ndogo ya Mjerumani, ya 1890, irudishe mezani. Heller zilianza 1904. Kabla yake chenji ilikuwa sarafu iliyoitwa pesa, 64 kwa rupia moja.