Mega za usiku na kozi zisizoingia kichwani

SWALI: Dokta, niko mwaka wa pili chuoni, ninakaa Kadutu. Mega (bando la intaneti) za usiku ni za bei ya chini, kwa hiyo ninaingia WhatsApp na TikTok saa sita na kutoka saa kumi alfajiri. Sasa macho yanawaka, shingo imekaza, kozi haziingii kichwani. Kwenye farmasi wameniuzia matone ya macho. Kuzima simu ninaogopa: habari za usalama tunazipata humo, na wazazi wako Uvira. Nifanye nini?
Mwanafunzi, Bukavu

JIBU: Ndugu yetu, kwanza hayo matone. Soma herufi ndogo kwenye chupa. Ukikuta dexaméthasone au prednisolone, na hakuna daktari aliyekuandikia, usiendelee kuyatia. Nenda macho yapimwe. Dawa hizo huondoa wekundu upesi, lakini zikitumiwa wiki nyingi zinaweza kupandisha presha ndani ya jicho na kuharibu kuona, tena bila maumivu ya kukushtua.

Macho yenyewe yanawaka kwa sababu yamekauka. Mtu hupepesa kope kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea simu, hushuka hata chini ya 7. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 au zaidi, hata mabati ya jirani ng'ambo ya barabara, kwa sekunde 20, kisha fumba macho kabisa mara kumi. Shingo nayo: kichwa kina kilo 5 hivi, lakini ukikiinamisha sana juu ya simu, mzigo wa shingo hukadiriwa kufika kilo 27, kuliko mfuko wa unga wa kilo 25. Inua simu, usiinamishe kichwa.

Kubwa ni usingizi. Unachosoma mchana, ubongo hukipanga na kukihifadhi ukiwa umelala. Umri wako unadai saa 7 hadi 9; ukilala saa kumi alfajiri na kuamka saa kumi na mbili na nusu, umepata mbili na nusu tu. Usijaribu kuhamia saa tano usiku kwa siku moja, utagaagaa kitandani na kuirudia simu. Rudisha nyuma dakika 30 kila baada ya siku mbili. Ni kama wiki tatu. Saa ya kuamka usiibadilishe hata Jumapili, na ukiamka toka nje upate mwanga: huo ndio unaorekebisha saa ya mwili. Kahawa iishie saa nane mchana.

Hofu ya wazazi ni ya haki, kwa hiyo simu usiizime. Ingia "Ne pas déranger" (Usisumbue), ruhusu namba zao na za jirani mmoja wa kuaminika. Simu nyingi za Android zina pia nafasi ya kumruhusu anayepiga mara mbili ndani ya dakika 15, iwashe. Magrupu yote ya WhatsApp yanyamazishe, chagua "Toujours" (Daima). Kisha wapigie wazazi saa mbili usiku. Sauti ya mama inakuambia hali ya Uvira kuliko ujumbe 200 uliosambazwa na mtu usiyemjua. Simu ikae mezani, mbali na mkono.

Vidole vikifa ganzi au mkono ukilegea, muone daktari wiki hii hii. Na ukiona huzuni haikuachi, au mawazo ya kufa yanakujia, usingoje hizo wiki tatu: mwambie mtu wa nyumbani akusindikize leo SOSAME, kituo cha afya ya akili hapo Bukavu.