Faji, mafua na amoksilini ya mapema

SWALI: Mwanangu wa miaka minne anaugua mafua mara kwa mara. Nimesoma kwamba virusi huhamisha jeni kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, na kwamba usugu wa dawa husambaa hivyo. Je, nimwanzishie amoksilini mapema, kabla mafua hayajawapa bakteria wake usugu? (Mama, Tanga)

JIBU: Hapana, mama. Amoksilini iache dukani.

Ulichosoma ni kweli, ila virusi si hivyo vya mafua. Vya mafua hushambulia seli za pua na koo, bakteria haviwagusi. Wanaobeba jeni za bakteria ni faji, virusi ambavyo windo lao ni bakteria tu. Faji hudunga DNA yake, akamgeuza bakteria kiwanda cha kutengenezea faji wapya. Katika vurugu hiyo DNA ya bakteria hukatikakatika, na mara mojamoja kichwa cha faji hujazwa kipande cha DNA hiyo kwa makosa. Faji huyo hawezi kuzaa, lakini kudunga bado anaweza. Bakteria atakayedungwa hafi, anarithi jeni za bakteria marehemu. Wanasayansi Zinder na Lederberg walilieleza hili mwaka 1952: walitenganisha aina mbili za bakteria Salmonella kwa kichujio kisichopitisha bakteria ila faji hupita, na jeni zikavuka vilevile.

Sasa linalonichosha, maana nalisikia kila wiki: eti dawa ya mapema "inawahi" usugu. Faji hachagui jeni, hubeba chochote. Anayechagua ni wewe na hiyo dozi. Dawa huua bakteria wasio na jeni ya usugu, aliyenayo akabaki peke yake na nafasi tele ya kuzaana. Tena jeni nyingi za usugu hazimngoji faji. Bakteria hupeana wenyewe kwa plasmidi, vipande vidogo vya DNA vya ziada, wakigusana.

Muuza duka anayekukatia vidonge vitatu vya rangi mbili bila kuuliza mtoto ana nini hajui anachotibu. Huyohuyo akisikia mtu anaharisha damu, anampa siprofloksasini, dawa nyingine ya kuua bakteria, hapohapo, bila kipimo cha choo. Wapo E. koli (bakteria wa utumbo), aina iitwayo O157:H7 ikiwa mojawapo, ambao jeni ya sumu yao imo ndani ya faji aliyelala kwenye DNA yao. Siprofloksasini humwamsha faji huyo, na sumu ikaongezeka. Sumu hiyo huharibu figo, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo.