Unapotaka kuandika "technique" kwenye Kiingereza chako

Kazi inayonilisha ni kupitia Kiingereza cha watu: tasnifu za uzamili, maandiko ya miradi, barua za kuomba kazi. Neno ninalolikuta limepotea njia kila kukicha ni "technique". Mwandishi anawaza "mbinu", anafungua kamusi, anakutana na "technique", anabandika. Lakini mbinu ni neno lenye tumbo kubwa. Mbinu za kocha, mbinu za wezi, mbinu za kufundishia, mbinu za kupambana na umaskini, zote zinaenea humo. Kiingereza kimezigawa: tactics, method, strategy, technique, na kwa wale wezi, tricks.

Kipimo changu ni hiki: je, tendo lenyewe lina fundi na mwanagenzi? Unaweza kusimama pembeni ukasema huyu anaipatia, yule anaiboronga? Kushona jeraha, kubebesha miche ya miembe, kuvuta pumzi wakati wa kuimba: hapo "technique" imefika kwake. "Techniques" za kupunguza rushwa mimi nazikata bila huruma. Hizo ni measures au strategies, maana hakuna mkono wa mtu unaoonekana ukizifanya.

Michezo ndiyo inayoionyesha tofauti vizuri. Mwaka 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico City, Mmarekani Dick Fosbury alivuka ufito wa kuruka juu kwa kutanguliza kichwa na mgongo, uso ukitazama angani, wakati wenzake wakiuvuka kwa kuulalia tumbo. Alipata mita 2.24 na dhahabu. Alichoufanyia mwili wake ni technique. Sasa twende Christchurch, New Zealand, Februari 1974, mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola. Filbert Bayi wetu alichomoka mapema akaongoza mpaka mwisho, John Walker akimfukuzia bila kumpata. Dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Kule kuamua kuongoza badala ya kujificha kundini na kusubiri mzunguko wa mwisho ni tactics. Ukitaka kuzungumzia alivyokuwa akirusha miguu na mikono, hapo ndipo unarudi kwenye technique.

Kwa hiyo "kocha alibadilisha mbinu kipindi cha pili" ni tactics, tena usibishe. "Yule kiungo ana ufundi" ndiyo technique, na hapo haichukui wingi: "His technique is excellent." Ukiongeza "s" umeanza kuhesabu vitu vingine.

Wanaoumia zaidi ni wanafunzi wanapofika sura ya tatu ya tasnifu. Usaili na dodoso kwa kawaida huitwa methods. Namna ya kuwapata wahojiwa, kwa mfano kumwomba mhojiwa mmoja akuelekeze kwa mwingine, imezoeleka kama sampling technique. "Methodology" nayo si "method" iliyovaa suti. Ni maelezo ya kwa nini umechagua njia hizo na si nyingine. Mwaka 1963 Edward Anthony, mtaalamu wa ufundishaji wa Kiingereza, aliyapanga maneno haya kwa ngazi: juu kuna approach, yaani imani yako kuhusu lugha na namna inavyofunzwa, katikati method, mpango mzima wa kufundisha, chini kabisa technique, kile mwalimu anachokifanya darasani kipindi kikiendelea. Mpangilio huo ulihusu madarasa ya lugha, lakini huwa nauazima hata kwa tasnifu za kilimo, na unafanya kazi. Msimamizi wako akiwa na mwongozo wa chuo unaosema vinginevyo, fuata mwongozo. Shahada kwanza, ubishi baadaye.

Sarufi yake haina makuu. Andika "techniques for collecting data", siyo "techniques of how to collect data". Mwisho ni -que kama "unique" na "antique", na mkazo wa sauti unaangukia silabi ya mwisho: tek-NIIK. Sisi tuliozoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho huwa tunaukaza mwanzo.

Kwenye barua za kazi nakutana sana na "I have many techniques of customer care". Mtu ana skills, technique anaitumia. Na hata "skills" nakushauri uipunguze, useme ulichokuwa ukifanya: ulipokea wateja, ulishughulikia malalamiko, ulifunga hesabu za siku.

Jirani mwingine anayechanganya ni technology. Kuna ripoti ya mradi wa mahindi niliyoipitia iliyoita kila kitu "new storage techniques". Mradi uligawa mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, inayowaua dumuzi bila dawa kwa kuwanyima oksijeni. Mfuko wenyewe ni technology. Kuukamua hewa, kuisokota shingo yake, kuikunja na kuifunga kila tabaka peke yake, ndiyo technique, na ndiyo wakulima waliyofundishwa uwanjani. Tukaandika "storage technology" kwenye sehemu ya manunuzi na "sealing technique" kwenye sehemu ya mafunzo.